Kazi ya nyumba ya wazee, na habari za Jeanne Jugan

Mara nyingi tumesikia watu wakisema ya kuwa nyumba za wazee ni desturi ya Ulaya, wala hazifai kwetu. "Kwetu mzee hukaa na watoto wake," ndivyo wasemavyo, nasi zamani tulisema vilevile, tena kwa sauti kubwa. Ni neno jema, na heri jamaa ambamo neno hilo lingali kweli. Lakini mwenye kutembea katika miji yetu huku macho yakiwa wazi ataona wazee ambao neno hilo haliwafikii. Wengine ni watoto wa watu walioletwa katika migodi ya shaba ya Katanga tangu miaka ya 1920, kutoka Kasai, kutoka Ruanda, na kutoka ng'ambo ya mpaka wa kusini. Walizaliwa kambini, wakazeekea mjini, na kijiji cha kurudia hawakijui. Wengine walitengwa na jamaa zao katika miaka ya 1992 na 1993, Wakasai wengi walipofukuzwa Katanga, au katika vita vilivyoanza mwaka 1996. Na wengine, yatupasa kusema kweli, wana watoto wazima wenye nyumba za mabati. Mjukuu alikufa, bibi akaitwa mchawi, akatolewa nje pamoja na mkeka wake.

Basi nyumba za wazee zipo kwetu pia, na mna watu ndani yake wafanyao kazi usiku na mchana. Ni kazi ya namna gani? Na ilianzaje kufanywa hivi tunavyoiona leo? Twapenda kuwaeleza habari za mwanamke mmoja, mtumishi wa jikoni, ambaye hakuwa na mali wala elimu kubwa. Kwanza lakini tuungame jambo moja.

Tulipokuwa seminarini tulitumwa kila Jumamosi katika nyumba moja ya wazee, kuteka maji, kukata kucha na kunyoa vichwa. Tulikwenda na vitabu vyetu vya Injili, tukifikiri ya kuwa tutawafariji wazee kwa maneno. Mzee wa kwanza tuliyepewa alikuwa amelowa tangu usiku. Hakuhitaji neno, alihitaji shuka kavu, nasi hatukujua hata namna ya kumgeuza. Tulimvuta mkono, akapiga kelele. Ndipo akaja sista mmoja mfupi, mtu mzima, akaweka mkono wake mmoja nyuma ya bega la mzee, na wa pili nyuma ya goti, akamgeuza polepole huku akimwuliza habari za ndoto zake. Kazi yote haikuzidi kitambo cha Baba Yetu na Salamu Maria tatu. Sisi tulisimama pale na vitabu mkononi.

Jeanne Jugan alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 katika Cancale, mahali pa wavuvi katika nchi ya Bretagne, magharibi ya Ufaransa. Baba yake alikwenda baharini kuvua, wala hakurudi. Jeanne alikuwa na miaka mitatu na nusu hivi. Mama yake akabaki na watoto wadogo, akiwalea kwa kazi ya mikono. Ulikuwa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa. Mashirika ya watawa yalivunjwa, mapadri walijificha, na katika mwaka 1794 hata mali ya hospitali na ya nyumba za maskini ilihesabiwa kuwa mali ya taifa. Zamani, tangu Mtakatifu Basili, askofu wa Kaisaria, alipojenga nje ya mji wake, karibu na mwaka 370, makao ya wagonjwa na ya wasafiri na ya fukara, Kanisa halikuacha kuwa na nyumba za namna hiyo. Mapinduzi yaliupiga mti huo shinani. Sehemu ya mali ilirudishwa baadaye, lakini mikono ya kufanya kazi haikurudi upesi, na maskini hawakungoja.

Alipokuwa na miaka kumi na sita hivi Jeanne aliingia jikoni kwa bibi mmoja wa ukoo mkubwa. Bibi huyo alikuwa na desturi ya kuwatembelea maskini majumbani mwao, naye alimchukua msichana wake wa jikoni amfuate. Humo Jeanne alijifunza jambo ambalo halifundishwi darasani, yaani namna ya kuingia katika nyumba ya mtu fukara bila kumtia haya. Baharia mmoja alitaka kumwoa. Jeanne alikataa, akamwambia mama yake ya kuwa Mungu alimtaka kwa kazi isiyojulikana bado.

Mwaka 1817 alihamia Saint-Servan, mji wa pwani uliokuwa ubavuni mwa Saint-Malo, akapata kazi katika hospitali ya Rosais. Alikaa humo miaka sita akiuguza wagonjwa. Mwisho mwili wake ulichoka kabisa, ikampasa kuondoka. Twaomba wasomaji wasipite upesi hapa. Huyu ambaye leo Kanisa lamwita mtakatifu hakuweza kuvumilia kazi ile zaidi ya miaka sita. Tumewajua vijana, wa kike kwa wa kiume, walioacha kazi ya kuwahudumia wazee baada ya mwaka mmoja, wakaondoka wakiona haya kana kwamba wameiba kitu. Mgongo una kipimo chake. Kuinua watu wazima mara ishirini kwa siku si mchezo, na harufu huingia katika nguo hata mtu akiwa mezani kwake nyumbani.

Bibi mmoja mnyenyekevu, Mademoiselle Lecoq, alimpokea Jeanne awe mtumishi wake. Lakini wakaishi kama ndugu wawili, wakisali pamoja na kuwafundisha watoto katekisimo, mpaka yule bibi alipokufa mwaka 1835. Baada ya hayo Jeanne alipanga vyumba viwili na dari pamoja na mwanamke mzee aliyeitwa Françoise Aubert, naye Fanchon kwa jina la nyumbani. Msichana yatima, Virginie Trédaniel, akajiunga nao. Jeanne alikwenda mjini kufua nguo za watu na kufanya kazi za vibarua, Fanchon alibaki akisokota nyuzi, Virginie alishona. Faranga walizopata waliziweka pamoja. Ni maisha ambayo wanawake wengi wa mitaa yetu wangeyatambua mara moja.

Karibu na mwanzo wa baridi ya mwaka 1839 Jeanne alipata habari za mwanamke mmoja mzee, Anne Chauvin, aliyekuwa kipofu na mwenye kupooza nusu ya mwili, ambaye hakuwa tena na mtu wa kumtunza. Jeanne alikuwa na miaka arobaini na saba. Alishauriana na wenzake wawili, kisha akamleta yule mama, akampandisha mgongoni mwake katika ngazi nyembamba, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe. Yeye akapanda kulala darini.

Huo ndio mwanzo wa shirika la Masista Wadogo wa Maskini. Hapakuwa na jiwe la msingi, wala hotuba, wala karatasi ya serikali. Palikuwa na kitanda kimoja, na mtu aliyesogea ili mwingine alale. Sisi twaona ya kuwa kazi yote ya nyumba za wazee imo katika kitanda hicho. Kumpa mzee chakula kilichobaki, hilo wengi wataweza. Kumpa nafasi yako mwenyewe, na kuipanda ngazi kila usiku, na usiku wa pili, na wa mia, hilo ni jambo jingine.

Muda mfupi baadaye akaja mama wa pili. Huyu alikuwa mtumishi wa zamani aliyebaki na mabwana zake walipofilisika, akawalisha kwa akiba yake, na akiba ilipokwisha akawaombea sadaka njiani mpaka wakafa. Naye sasa alikuwa mzee, bila nguvu, bila nyumba. Mwaka 1841 wale wanawake walipanga chumba kikubwa cha chini kilichokuwa zamani duka la pombe, wakapokea wazee kumi na wawili. Mwaka 1842 walinunua nyumba ya watawa ya zamani, kwa deni zaidi kuliko kwa fedha, na katika mwaka uliofuata wazee walifikia arobaini hivi. Mmoja wao alikuwa baharia wa miaka sabini na miwili, aliyekutwa katika shimo lenye maji chini ya nyumba, akilala juu ya majani makavu yaliyooza. Walimwosha, wakamvika shati safi.

Nani aliwalisha watu hao wote? Hapa pana jambo la kustaajabisha. Wale mama wazee, kabla ya kupokewa, walikuwa na desturi ya kuombaomba mjini, kila mmoja katika milango yake. Wengine, wakipata faranga, waliinywa. Jeanne aliona ya kuwa akiwaacha watoke kila siku wataharibika tena, na akiwafungia ndani watakufa njaa. Ndipo akawauliza: "Ni nani waliokupeni sadaka?" Wakamtajia majina na nyumba. Jeanne akachukua kapu, akaenda yeye mwenyewe katika milango ileile, akiwaambia wenyeji ya kuwa mama fulani hatakuja tena, amekuja yeye kwa ajili yake. Ndugu wa Mtakatifu Yohane wa Mungu ndiye aliyemtia moyo, kwa kuwa yeye alikuwa akifanya kazi hiyohiyo kwa ajili ya hospitali yao.

Tusidhani ya kuwa ilikuwa rahisi. Watu wa Cancale wana sifa ya kuwa na kichwa kigumu, na Jeanne alikuwa mtu wa Cancale. Mtu aliyekula jasho lake tangu utoto, kumnyoshea jirani mkono ni kama kuvuliwa nguo sokoni. Husimuliwa ya kuwa siku moja mtu alikasirika akampiga kofi. Jeanne akamshukuru, akasema ya kuwa hilo la kofi ni la kwake yeye, basi sasa ampe kitu kwa ajili ya maskini wake. Na tajiri mmoja aliyempa sadaka jana alipomwona tena leo, akamgombeza. Jeanne akamjibu kwa upole ya kuwa maskini wake walikula jana, wana njaa leo, na kesho watakuwa na njaa tena. Yule tajiri akawa mfadhili wa kila siku.

Alipokea kila kitu. Vipande vya mkate, nguo zilizochanika, mboga, chumvi, vijiti vya kuwashia moto. Masista waliomfuata walichukua hata makapi ya kahawa yaliyokwisha kutumika katika nyumba za matajiri, wakayachemsha tena, ili wazee wapate kitu cha moto asubuhi. Mikate iliagawanywa kwa uangalifu: vipande laini kwa wasio na meno, vigumu katika supu. Wazee walikula kwanza, masista wakala baadaye kilichobaki, na siku nyingine hakikubaki. Katika nyumba mpya walizozifungua, Rennes na Dinan mwaka 1846, Tours mwaka 1849, Angers mwaka 1850, vitanda vya kwanza vilikuwa vya wazee, na masista wakalala juu ya majani makavu. Mbali na nadhiri tatu za watawa wote, yaani ufukara, usafi wa moyo na utii, masista hao huweka ya nne, nayo ni nadhiri ya kupokea wageni. Ile ngazi ya darini iliingia hivyo katika sheria za shirika.

Lakini kuna jambo jingine ambalo kwetu lina thamani kuliko makapi ya kahawa. Jeanne hakutaka wazee wakae tu wakingoja kufa. Mwenye mikono mizuri alichambua sufu au kusokota nyuzi. Mwenye macho alirekebisha nguo. Baharia wa zamani alipata kamba za kufunga. Kazi yao ilileta faranga chache tu, tena twafikiri ilileta taabu kuliko faida, kwa maana kumsaidia mzee afanye kazi huchukua muda mrefu kuliko kuifanya mwenyewe. Mtu yeyote aliyewahi kumngoja mzee ajifunge vifungo vya shati lake anajua tunavyosema. Mkono wa mtumishi huwashwa, hutaka kumfungia upesi na kwenda kwa mwingine, kwa kuwa kumi na wawili wanangoja. Kazi ngumu kuliko kuinua ni hiyo, kuuzuia mkono.

Katika Angers siku moja hapakuwa na siagi kwa wazee. Jeanne akakusanya vyungu vitupu vya siagi, akavipanga mbele ya sanamu ya Mtakatifu Yosefu, pamoja na karatasi ya kumwomba awapelekee wazee siagi. Mtu akaja, akaleta. Na katika mji huohuo, sikukuu ilipokaribia, alimwendea mkubwa wa jeshi, akamwomba awapeleke wapiga tarumbeta wake wawachezee wazee muziki. Mkubwa akakubali. Twaweza kuwaza nyuso za wale wazee, wavuvi na wafuaji nguo, waliofukuzwa milangoni maisha yao yote, askari wakipiga tarumbeta kwa ajili yao! Wengi hukumbuka habari ya siagi wakisahau ya tarumbeta. Sisi twaipenda ya tarumbeta. Siagi ni haja ya mwili, lakini ni nani afikiriye ya kuwa mzee fukara anahitaji pia siku ya kuchezewa ngoma?

Tusifiche lakini upande mwingine. Wazee si malaika. Wanagombania kiti kilicho karibu na moto, wanasema ya kuwa jirani ameiba kitambaa, wanakataa kuoga, wanasahau ya kuwa wamekula, wakalalamika kwa mgeni ya kuwa wananyimwa chakula. Yule mzee wetu wa Jumamosi, tuliyemwosha na kumnyoa muda wa miaka miwili, hakutuita kwa jina letu hata mara moja. Alituita kwa jina la mwanawe, ambaye hakuja kumwona kamwe. Akiwa na furaha alitubariki kwa jina hilo, akiwa na hasira alitulaani kwa jina hilo hilo. Mwanzo tulimsahihisha: "Hapana, Baba, sisi si yule, sisi ni wanaseminari." Alitutazama kwa huzuni kubwa sana, kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Tukaacha kumsahihisha. Tulimwuliza yule sista mfupi kama ni uongo kuitika jina lisilo letu. Akasema, "Mpe maji kwanza."

Basi tufikie habari iliyo chungu katika maisha ya Jeanne Jugan. Hatutaificha kwa sababu inamhusu padri.

Wanawake wengine wa Saint-Servan walikuwa wamejiunga na kazi, mmoja wao Marie Jamet, aliyekuwa kijana sana. Padri Auguste Le Pailleur, msaidizi wa paroko, aliwaongoza katika mambo ya roho. Mwaka 1842 walimchagua Jeanne awe mkubwa wao, na tarehe 8 Desemba 1843 wakamchagua tena. Baada ya siku kumi na tano tu, padri huyo akautangua uchaguzi, akamweka Marie Jamet mahali pake. Jeanne akatii. Akaendelea kubeba kapu. Mwaka 1845 Akademia ya Ufaransa, katika Paris, ilimpa tuzo la Montyon, faranga 3,000, na hotuba ikasomwa mbele ya watu wakubwa wa nchi kwa kumsifu. Jina lake likaandikwa magazetini, na hilo lilimsaidia sana katika kuomba, kwa kuwa alitembea na karatasi ya hotuba ile. Lakini nyumbani alikuwa mtumwa wa njiani tu, mwenye kutumwa huku na huku.

Mwaka 1852 askofu alilikubali shirika. Mwaka huohuo Jeanne aliitwa kurudi katika nyumba kubwa ya Rennes, akaambiwa asitoke tena kuomba, wala asiwe na uhusiano na wafadhili. Mwaka 1856 shirika likanunua La Tour Saint-Joseph, katika Saint-Pern, akapelekwa huko kukaa na manovisi. Tangu kuitwa kule mpaka kufa kwake ni miaka ishirini na saba. Aliitwa Sista Marie wa Msalaba. Manovisi mamia walipita mbele yake, wakajifunza ya kuwa Padri Le Pailleur ndiye mwanzilishi, na Marie Jamet ndiye wa kwanza kati ya masista. Yule mzee mrefu mwenye fimbo, aliyewafundisha namna ya kumtazama Kristo katika fukara na namna ya kufagia vizuri, wengi hawakujua ni nani. Inasemekana aliwahi kumwambia yule padri, kwa utulivu, ya kuwa ameiiba kazi yake, lakini yeye amwachia kwa moyo. Jambo hilo moja latuonyesha ya kuwa hakuwa mjinga. Alijua alichotendewa.

Tumesoma vitabu visemavyo ya kuwa hayo yote yalikuwa mapenzi ya Mungu, ili amtakase mtumishi wake. Labda. Sisi twaogopa kidogo maneno hayo, kwa kuwa tumeyasikia pia yakisemwa kwa watu wa kazi waliocheleweshewa mshahara. Udhalimu ni udhalimu. Mungu aweza kupanda mbegu hata katika shimo lililochimbwa na mwizi, lakini mwizi hakuchimba kwa ajili ya mbegu.

Tena twaona ya kuwa Jeanne alipatwa na jambo ambalo, kwa kipimo kidogo, huwapata karibu wote wafanyao kazi hii. Aliyeamka saa nane usiku kumgeuza mgonjwa asipate vidonda vya mgongo siye asimamaye karibu na askofu siku ya sikukuu ya nyumba. Mzee mwenyewe amesahau ni nani aliyemgeuza. Jamaa, wakija, huleta zawadi kwa mkubwa wa nyumba, na mwenye kufua mashuka yuko uani, mikono yake imepauka kwa sabuni. Kazi ikifanywa vizuri haionekani: hapana harufu, hapana kidonda, hapana kelele. Ikifanywa vibaya, mji mzima wajua.

Papa Leo wa 13 alizithibitisha sheria za shirika tarehe 1 Machi 1879. Jeanne alikufa tarehe 29 Agosti mwaka huohuo, mwenye miaka themanini na sita, karibu kipofu, kama yule Anne Chauvin aliyembeba mgongoni. Wakati huo masista walikuwa 2,400 hivi, na nyumba 177, nyingine katika Uingereza, tangu mwaka 1851, na katika Marekani, tangu mwaka 1868. Juu ya kaburi lake waliandika ya kuwa alikuwa sista wa tatu.

Mwaka 1890 Roma ilichunguza mambo ya shirika, Padri Le Pailleur akaondolewa katika ukubwa. Marie Jamet, kabla ya kufa mwaka 1893, aliungama ya kuwa siye aliyekuwa wa kwanza, bali aliambiwa atende kana kwamba ndiye. Twamsikitikia yeye pia. Alikuwa kijana alipotiwa mzigo wa uongo huo, akaubeba miaka hamsini. Polepole kweli ikarudishwa mahali pake. Papa Yohane Paulo wa 2 alimtangaza Jeanne kuwa mwenye heri tarehe 3 Oktoba 1982, na Papa Benedikto wa 16 akamtangaza mtakatifu tarehe 11 Oktoba 2009. Siku ileile, katika kanisa lilelile la Mtakatifu Petro, alitangazwa pia Padri Damiano wa Molokai, Mbelgiji, aliyekaa na wakoma mpaka akashikwa na ukoma wao na kufa mwaka 1889. Wengi kwetu tulifurahi kwa ajili ya Damiano, kwa kuwa tangu utoto tuliona picha yake shuleni. Jeanne hatukumjua. Tukauliza, "Huyu mama mzee ni nani?"

Masista wake walifika Afrika pia. Walifungua nyumba katika Brazzaville, ng'ambo ya mto wetu, na nyingine katika Nairobi, inayoitwa kwa Kiswahili chepesi Nyumba ya Wazee. Kapu wanalo hata leo. Huenda sokoni, wakapokea ndizi, unga, samaki, na maneno mabaya pia. Katika miji yetu kazi hiyohiyo hufanywa na watawa wa mashirika mengine, na mara nyingi zaidi na mama wa mtaa ambaye hana shirika lolote, ila chumba kimoja cha ziada.

Tulipomaliza masomo ya seminari na kuchagua njia ya ukatekista, tulikwenda kumwaga yule mzee wetu. Tulikuwa tumepanga maneno. Tulitaka safari hii ajue jina letu, kwa kuwa hatungeonana tena, na miaka miwili si kidogo. Alikuwa amekaa juani, kichwa kimeota mvi tangu Jumamosi iliyopita. Kabla hatujafungua kinywa alituita kwa jina la mwanawe, akatuuliza kwa nini tumekawia namna ile, na wembe uko wapi.

Tukaenda kuteka maji.